Injini yako imesoma ngapi?

Hapa Dodoma peleka gari gereji inatoa moshi au inamisi, boneti haijapoa vizuri ushaambiwa "boss hii injini imekwisha, tafuta ya used". Sikatai, injini zinakufa kweli, na hili vumbi letu la kiangazi ukilichanganya na eya klina iliyopulizwa upepo mpaka imetoboka, ringi za pistoni na kuta za silinda zinalika vibaya mno. Ila mtu anayekutuma ukatafute hela ya injini nzima inabidi akujibu swali moja tu, kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda, imesoma ngapi kila silinda?

Wengi hawana jibu maana hawajapima. Wamechomeka skana, imeleta P0303, basi. Hiyo kodi ya hitilafu inakwambia silinda ya 3 inamisi, yaani haichomi mafuta vizuri, haikwambii kwa nini, na hapo ndo unaanza kununua plagi, mara koili, mara noza, kwa kubahatisha.

Kupima kompresheni wala hakuna mambo mengi. Injini iwe ya moto, betri iwe nzima, toa plagi zote (zote jamani, ukiacha nyingine stata inazunguka kwa shida na namba zinakudanganya), chomoa koneka za noza na koili, funga geji kwenye tundu la plagi, mtu akanyage mafuta mpaka chini apige stata mpaka mshale uache kupanda, unaandika, unahamia silinda nyingine. Injini nyingi za petroli zikiwa nzima zinacheza psi (kipimo cha presha) 130 mpaka 200 hivi, lakini mi naangalia zaidi tofauti, silinda ya chini ikishuka chini ya robo tatu ya ile iliyosoma juu kabisa hapo kuna neno.

Sasa watu wa huku kuna sehemu tunapigwa. Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, kwa hiyo geji inasoma kama asilimia 12 chini ya ambavyo ingesoma Dar. Injini iliyosoma 180 Kariakoo ukiipima Nkuhungu inakupa 158 hivi na hakuna kilichoharibika njiani. Fundi akishika namba ya kitabu akailinganisha hivihivi, umeuziwa injini.

Silinda ikisoma chini, mimina oili kijiko kimoja upime tena. Ikipanda sana ni ringi au silinda imelika, ile oili imeziba kwa muda. Isipopanda, waza valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja mara nyingi gasketi ya hedi imeungua hapo katikati. Dizeli usiijaribu kwa geji ya petroli, hizo presha zake zinaanzia 300 na kuendelea.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha kuvuja, likidauni. Pistoni unaipandisha juu kabisa wakati valvu zote zimefunga, unaingiza upepo wa kampresa psi 100, geji ya pili inakuonyesha umebaki ngapi. Toa ile spana uliyozungushia injini kwenye puli kabla hujafungulia upepo, injini inaweza kuzunguka ghafla ikakuvunja mkono. Na kwa sababu unapima asilimia, na upepo ni wa kwako, mambo ya mwinuko hayakusumbui sana.

Kuna Noah ya jirani ilishahukumiwa inunuliwe injini. Silinda ya 3 ilisoma 90, wenzake 150, oili haikubadilisha kitu. Ukaingizwa upepo, geji ikabaki 45, yaani zaidi ya nusu inatoroka. Kifuniko cha oili kimya, kwa hiyo si ringi, rejeta hakuna povu, kwa hiyo si gasketi, ila nyuma kwenye ekzosi ukiweka kiganja upepo unakupiga kabisa. Valvu ya ekzosi haikai. Ikafunguliwa hedi tu, valvu zikasagwa, chini hakijaguswa hata boliti, na leo inabeba magunia Kibaigwa. Upepo unaovuja ukiwa chini ya asilimia 10 injini iko poa, 20 imechoka lakini inatembea, ikipita 30 tafuta upepo unatokea wapi. Msukumo mdogo wa upepo kwenye kifuniko cha oili usikutishe, hata injini mpya ringi zake zina nafasi.

Lakini tusiwatupie mafundi lawama zote. Sisi wenye magari hatulipii kipimo! Fundi akihangaika na geji zake akakwambia injini nzima, badilisha koili, unampa hela ya soda na unaona umemlipa. Akishusha injini na kuitandaza chini unatoa hela ya ufundi bila kununa. Sasa wewe ungekuwa yeye ungepima? Mi naona bei ya kupima ipatanwe kabla, peke yake, hata kama kazi hutampa, na namba uandikiwe kwenye karatasi pamoja na kilomita za gari.

Na kama injini ni ya kubadilisha kweli, hiyo ya used nayo ipimwe ikiwa palepale chini dukani. Likidauni haihitaji injini iwake, unahitaji kampresa tu na mtu wa kuizungusha kwa spana, ingawa ikiwa ya baridi itaonyesha kuvuja kidogo zaidi. Muuzaji atakwambia una garantii ya wiki moja, upepo wa nini. Mi akikataa siibebi, hata ashushe bei vipi.