Bwana Harusi Aliyeondoka na Povu

Shangazi mmoja wa Mikindani aliingia dukani kwangu, ninapochapa picha kwenye vikombe, na oda ya vikombe 40 vya harusi. Si shangazi wa damu, ila hapa Mtwara mama mwenye sauti kama ile humwiti jina lingine. Upande mmoja picha ya maharusi, upande wa pili "Karibuni Mikindani". Siku zimebaki tisa.

"Nataka vya dhahabu, kama sare yetu."

"Shangazi, wino huu hauna rangi nyeupe. Weupe wote wa picha ni weupe wa kikombe chenyewe. Kikiwa cha dhahabu, gauni litakuwa la dhahabu, na meno ya bwana harusi pia."

Akayafikiria yale meno. Tukakubaliana vyeupe.

Stika niliikataa mapema. Kwa jina la mtu inafaa, lakini sura ya mtu haikatwi kwa stika, na ikioshwa mara kadhaa kingo zinaanza kunyanyuka. Skrini, yaani kusukuma wino kupitia wavu uliokazwa kwenye fremu, ni nafuu ukiwa na vikombe mia tatu vya rangi moja, maana kila rangi inadai fremu yake. Kwa vikombe 40 vyenye picha ya rangi zote, fremu zingekula faida yote na mtaji juu. Ikabaki sablimesheni: unaprinti kwenye karatasi maalumu, unaifunga kwenye kikombe, joto linageuza wino kuwa mvuke, na mvuke unazama kwenye utando wa plastiki uliopakwa kikombeni.

Utando uliopakwa kikombeni. Mimi ndiye ninayewaeleza wateja hivyo kila siku. Na mimi huyo huyo nikaenda soko la Chikongola nikanunua vikombe 40 vya chai vya kawaida, kwa sababu vyenye utando vinatoka Kariakoo na bei yake ni zaidi ya mara mbili. Nilijiambia kikombe kinachong'aa vile hakikosi kitu juu.

Nikaseti hiti presi, mashine inayokibana kikombe kwa joto, nyuzi 180, sekunde 180. Cha kwanza kikatoka na maandishi yanayosomeka kutoka kulia kwenda kushoto. Nilisahau kugeuza picha kabla ya kuprinti. Mzee wa duka la jirani akakiinua, akakitazama kwa heshima, akauliza kama ni aya.

Cha pili niligeuza. Kikatoka kimepauka kama kanga iliyosahaulika kambani. Nikadhani joto halitoshi, nikapandisha hadi 210. Karatasi ikageuka rangi ya korosho iliyobanikwa, picha ikabaki imepauka vilevile. Shangazi akapita kuangalia kazi, na kabla sijamzuia akakipeleka bombani, sabuni na dodoki. Bwana harusi akaondoka na povu. Bibi harusi akabaki, amemshika mkono mtu asiyekuwepo.

"Mwanangu," akasema taratibu, "huyu mume kaenda wapi?"

Nikachukua wembe nikakwaruza kikombe karibu na kitako. Wembe ukateleza tu. Chenye utando ungeona unga mwembamba unatoka, maana plastiki ni laini kuliko vigae. Ningefanya hivyo pale pale sokoni, lakini nani huenda Chikongola na wembe?

Nikaagiza 48 kutoka Dar, vikaja na basi la usiku. Vinane vya ziada nilidhani ni woga. Vikaliwa vyote.

Vitatu vya mwanzo bwana harusi alitoka na vichwa viwili. Hewa ya bahari hapa ni mbichi, karatasi inanyonya unyevu. Ikipata joto, mvuke wa maji unaisukuma, picha inajichapa mara mbili. Dawa yake ni kuiweka karatasi dakika moja karibu na presi iliyowaka mpaka ikauke, kisha kuikaza kwa tepu isiyoungua kwa joto juu, chini na ubavuni, isicheze hata unywele. Na muda ukiisha unaibandua pale pale ikiwa moto, kwa glavu. Ukiiacha kwenye kikombe, wino unaendelea kutembea na sura zinavimba.

Viwili vilipauka kwa sababu jirani aliwasha mashine ya kusaga. Umeme ukashuka, nyuzi zikaporomoka hadi 150, na mimi nahesabu sekunde kama mjinga bila kutazama kipimo. Baada ya hapo nilikuwa nachungulia kwanza kama kuna mtu amejitwisha mahindi. Kimoja nilikibana kupita kiasi, kikalia "tak". Viwili vya mwisho viliharibiwa na kaka wa bwana harusi: nilikuwa nimeitandaza picha mpaka kwenye mshikio, mahali ambapo mkanda wa joto wa presi haufiki, na yeye ndiye aliyesimama pembeni. Akakosa sikio. Nikaibana picha iwe sentimita 20 kwa 9, akalipata.

Vikombe 40 vikakamilika usiku wa kuamkia harusi. Shangazi akavihesabu mara mbili, akanilipa, akaniachia na fungu la ming'oko, viazi pori vya huku kwetu, iliyochemshwa. Kisha akanyoosha kidole rafu ya juu, kwenye kile kikombe cha bibi harusi mpweke.

"Na hicho nifungie."

"Shangazi, hicho ni kibovu."

"Nakijua. Nitamwekea kabatini. Siku atakayomkosea mke wake, ndicho atakachonywea chai."

Nikamfungia kwenye gazeti, bure.