Bahari ya Sulemani Ilipopungukiwa Sentimita 28

Mimi ni mwalimu wa hisabati, jambo ambalo wanakwaya wamenikumbusha mara nyingi kuliko ninavyopenda. Tulikuwa tukiandaa igizo la kuwekwa wakfu hekalu la Sulemani, nami nikakabidhiwa ile bahari ya kusubu, yaani birika kubwa la shaba lililobebwa na sanamu 12 za ng'ombe, ambalo vipimo vyake vimeandikwa katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 7: mikono 10 toka ukingo hadi ukingo, mikono 5 kwenda juu, na uzi wa mikono 30 kuizunguka.

Kwa kuwa kila kitu kilikwisha kuandikwa, sikuona haja ya kukokotoa. Niliufanya kila mkono uwe sentimita 20, nikamwandikia fundi: kitako cha mbao, kipenyo mita 2, bati la geji 30, urefu mita 6, kimo mita 1. Alipolizungusha bati kwenye kitako, ncha zake zilikataa kukutana. Alilivuta, akalibana kwa goti, akanitazama, kisha akapenyeza kichwa kizima katika lile pengo na kuniuliza kutokea upande wa pili: "Mwalimu, hapa ndipo mlango?"

Pengo lilikuwa la sentimita 28. Mtu aliyewakaririsha watoto kwa miaka yote hiyo kwamba pai, yaani mzingo wa duara ukigawanywa kwa kipenyo chake, ni karibu 22/7, alipaswa kujua kwamba kipenyo cha mita 2 hudai mzingo wa karibu mita 6.28. Nilijitetea kwa mstari wa 26, ambao, nakiri, niliusoma baada ya fundi kucheka: ukingo ulikuwa na unene sawa na upana wa kiganja. Mkono mmoja ukiwa viganja 6, ukiondoa unene huo pande zote mbili, kipenyo cha ndani hubaki mikono 9 na theluthi mbili, na mzingo wake ni kama mikono 30.4. Basi huenda upana ulipimwa kwa nje na uzi ukapitishwa kwa ndani. Au mwandishi alitaja namba kamili tu, kama sisi sote tufanyavyo sokoni, kwani Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale aliyeibana pai kati ya 223/71 na 22/7, alizaliwa karne nyingi baada ya Sulemani. Fundi alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akalishika bati kwa vidole viwili. "Na hili, Mwalimu, kiganja chake kiko wapi?"

Fedha za bati jingine hazikuwapo. Ng'ombe 11 wa shule ya Jumapili walichutama kuizunguka bahari, na wa 12, kijana mwenye mabega mapana kuliko wenzake, akaamriwa kuziba pengo kwa mgongo huku akizishika ncha zote mbili kwa mikono.

Siku yenyewe, Sulemani alivisoma vipimo kwa sauti nzito ya besi. Alipofika kwenye uzi wa mikono 30, ng'ombe wa pengo alipiga chafya. Bati lilimponyoka, likajikunjua kwa kishindo kama mkeka, likawaangusha ng'ombe watatu waliotazama mashariki pamoja na taji la mfalme. Kanisa zima lilinyamaza. Ndipo, kutoka benchi la nyuma, nikasikia mnong'ono wa mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, mnong'ono uliofika hadi madhabahuni:

"Hakutumia ishirini na mbili juu ya saba."