Chakula Kipite Mbele Yangu Nikione

Watu wengi wa kwetu wakisikia mgahawa wa sahani ndogo ndogo hununa mapema. Malalamiko yao nayajua yote: chakula kiduchu, bei ya kutisha, ukitoka hapo unatafuta chipsi. Mara nyingi wana haki. Hata hivyo kuna mgahawa mmoja San Francisco ambao natamani kila mlalamikaji aupitie kwanza, maana ndio ulionithibitishia kwamba udogo wa sahani hauna kosa lolote. Kosa liko kwingine.

Mgahawa wenyewe ni State Bird Provisions, uko mtaa wa Fillmore. Stuart Brioza na mkewe Nicole Krasinski waliufungua siku ya mwisho ya mwaka 2011, baada ya kupika pamoja katika mgahawa wa Rubicon, jijini humo humo, ambao ulifungwa mwaka 2008. Mume ni mpishi wa chakula, mke ni fundi wa vitu vitamu. Mwaka 2012 jarida la mapishi la Bon Appétit liliutangaza kuwa mgahawa mpya bora Marekani nzima, na mwaka 2013 ukachukua tuzo ya James Beard, tuzo kubwa ya wapishi wa Marekani, katika kundi hilo hilo. Tangu hapo kupata meza ikawa vita. Mwaka 2013 mtaalamu mmoja wa kompyuta aliandika kwamba nafasi zilikuwa zikifunguliwa mtandaoni saa kumi alfajiri, na dakika moja baadaye nzuri zote zimeisha, kwa sababu kulikuwa na programu zilizotengenezwa mahususi kuzinyakua. Bahati nzuri viti kadhaa huachiwa wanaokuja bila kuweka nafasi, kwa hiyo mwenye subira ya kupanga foleni jioni mapema naye anaweza kula.

Kinacholeta watu wote hao ni namna chakula kinavyokufikia. Wahudumu wanazunguka kati ya meza na toroli na trei, kama wafanyavyo Wachina wa Canton, kusini mwa China, katika dim sum, mlo wao wa vitafunio vidogo vidogo. Trei inasimama mbele yako, unaangalia, unauliza, bei unaiona. Ukitaka unachukua papo hapo, usipotaka inaendelea na safari. Vipo pia vichache vya kuagiza kutoka jikoni, na kinachopendwa kuliko vyote ni kware. California ina kware wake wa porini, ndege rasmi wa jimbo tangu mwaka 1931, lakini wanaopikwa hapa ni wa kufugwa. Nyama inalowekwa kwenye maziwa ya mtindi, inavingirishwa katika chenga za mkate na mbegu za maboga, inakaangwa, kisha inalazwa juu ya vitunguu vilivyopikwa polepole mpaka vimelegea kabisa. Ukiuma unasikia kwanza zile mbegu zikivunjika, halafu utamu wa kitunguu, halafu ukali wa jibini la Parmesan lililoparuzwa juu. Wafugaji wetu waliokimbilia kware miaka kumi na kitu iliyopita, soko likawaporomokea, walikuwa wakiuza zaidi mayai na habari za tiba. Laiti mpishi mmoja tu angewafundisha watu kumla ndege mwenyewe hivi!

Niliwahi kwenda na shangazi yangu. Kiingereza chake ni cha salamu na bei za sokoni, na katika migahawa ya namna hii huwa ananiachia mimi nimchagulie kila kitu, halafu anakula kwa heshima tu. Menyu za wapishi wabunifu zina tabia ya kuandika maneno matatu yasiyoeleza chochote: jina la mboga, jina la jibini, jina la majani fulani. Hata mimi niliyekaa huko nabahatisha. Pale shangazi hakuhitaji kubahatisha. Ilipita trei ya mkate wa kitunguu saumu, unga uliokaangwa ukavimba kama andazi, na juu yake donge la jibini jeupe. Akanigusa mkono: “Mwanangu, ile nini ile, mbona inanukia hivyo?” Kabla sijajibu ameshamwashiria mhudumu ailete. Jibini lile ni burrata. Ukilichoma linapasuka na krimu inamwagika kwenye mkate wa moto. Jina hakulijua na hakulihitaji.

Baadaye kila trei iliyosimama aliuliza swali lake moja, kama ina nguruwe, na aliyeishika alimjibu palepale. Kwa Mwislamu anayekula ugenini hili si jambo dogo. Vyakula vya kibunifu huficha vitu: mafuta ya nguruwe ndani ya maharage, kipande cha bekoni ndani ya mboga za majani, divai ndani ya mchuzi. Menyu haikwambii, na kumwita mhudumu mara sita kumuuliza kunakufanya ujihisi msumbufu. Trei ikisimama mbele yako, kuuliza ni sehemu ya mazungumzo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na waigaji. Migahawa mingi iliyofuata mtindo huu, Marekani na sasa kwetu pia, imechukua udogo wa sahani na kuacha trei. Unapewa karatasi, unaambiwa agizeni sita au saba, kisha vinakuja kwa mpangilio unaoifaa jikoni yao. Mko wanne, sahani ina vipande vitatu. Hili linanikera kweli. Sisi tumelelewa kwenye sinia, na sinia ina sheria yake: kula mbele yako. Hata mgeni na mtoto wanajua mpaka wao uko wapi. Kwenye sahani yenye vipande vitatu hakuna mbele ya mtu, kwa hiyo kila mmoja anajizuia, kipande cha mwisho kinapoa, na mwenye aibu anarudi na njaa. Anayepika vya kugawana ahesabu watu kwanza.

Kwenye trei nako kuna hatari. Jicho lina tamaa, na ukifika na njaa utachukua tano za mwanzo kwa pupa kisha bili ikushangaze. Dawa yake ni kukataa bila haya, trei itarudi. Ubaya huo naukubali kuliko ule wa kulipia kitu nilichokisoma tu.

Na tusijifanye kwamba hili ni geni kwetu. Forodhani, Unguja, jua likizama unatembea kati ya meza: mishikaki, pweza, mihogo, sambusa, urojo unachanganywa mbele ya macho yako. Unaona, unauliza, unapita, unarudi. Halafu mwekezaji anafungua mgahawa hatua chache kutoka hapo, anachukua kachori zile zile, anaweka tatu juu ya kipande cha jiwe, anazificha nyuma ya menyu yenye majina ya Kiitaliano, anatoza mara nane. Amekiacha kile kilichokuwa na thamani.

Ningependa mpishi kijana wa Mombasa au Zanzibar afanye kinyume. Achukue ukumbi mdogo, meza kumi, toroli mbili. Apitishe viazi karai na ukwaju aliouchezea mwenyewe, pweza wa nazi kidogo kidogo, mkate wa kumimina wa moto, samaki wa kupaka vipande vya kutosha watu waliopo mezani. Krasinski na wenzake hufunga mlo kwa kikombe kidogo cha maziwa ya karanga yaliyotiwa sukari nguru. Karanga tunazo, sukari nguru tunayo. Bei iandikwe juu ya trei kwa tarakimu kubwa, na mimi nitakuwa kwenye foleni.