Desemba Hadi Machi, Pwani Tubadilishe Saa za Kazi

Kila mwaka kaskazi ikianza kuvuma, lawama nazo huanza kwenye ofisi na saiti za Dar es Salaam. Msimamizi anasema vijana wamekuwa wavivu, mchana hawaonekani, na ruhusa za dharura zimezidi. Wafanyakazi wanasema bosi hana huruma. Mimi nasimamia kazi za ujenzi hapa jijini, na msimamo wangu ni huu: sehemu kubwa ya hicho tunachokiita uvivu wa miezi hii inatokana na ratiba mbovu, na anayepanga ratiba ni mwajiri.

Tuanze na joto lenyewe. Kipimajoto kikionyesha nyuzi 32, mtu wa Dodoma anaweza kusema mbona hata kwao ni hivyo hivyo. Tofauti iko kwenye unyevu. Mwili hupoa pale jasho linapokauka juu ya ngozi. Hewa ya pwani mwezi Februari imejaa unyevu, kwa hiyo jasho linatiririka bila kukauka na mwili haupoi, huku moyo ukisukuma damu kwa nguvu zaidi ili joto litoke. Mtu wa namna hiyo akiongezewa mfuko wa saruji wa kilo 50 begani, asitarajiwe kutembea kama alivyotembea Julai.

Panda juu ya slabu saa 7 mchana uone nondo zinavyofungwa. Chuma kimepigwa jua tangu asubuhi, hakishikiki kwa mkono mtupu. Fundi asiye na glovu anakishika kwa kipande cha mfuko wa saruji, jasho linamwingia machoni, na vifundo vya waya anavivuta nusunusu ili ashuke haraka. Mkaguzi akija kesho yake, nondo zinafunguliwa na kufungwa upya. Fundi huyo huyo akiifanya kazi hiyo saa 1 asubuhi anaimaliza vizuri na hakuna anayemfuata nyuma.

Kinachonisikitisha ni kwamba ujuzi wa kukabiliana na jua tunao, ila tunautumia kwa zege tu. Zege la slabu tunapenda kulianza mapema, jua halijawa kali, tukijua joto hulikausha kabla halijakomaa na likapasuka. Likishashika tunalifunika kwa magunia na kulimwagilia maji siku 7 au zaidi, na hakuna mhandisi anayeona kazi hiyo ni gharama isiyo na maana. Basi na aliyelibeba zege hilo kwa karai awekewe turubai la kivuli na maji ya kunywa pale pale anapofanyia kazi. Dumu moja lililoachwa kwenye kibanda cha mlinzi halimsaidii mtu aliye ghorofa ya tatu. Wataalamu wa afya kazini wanashauri kikombe kimoja cha maji kila baada ya dakika 15 hadi 20 kwa anayefanya kazi nzito juani, hata kama hajasikia kiu.

Kuhusu saa, sheria yetu inatupa nafasi ya kutosha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na mapumziko ya saa moja mtu akishafanya kazi saa 5 mfululizo. Kazi ya usiku inahesabiwa kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kwa hiyo ukianza saa 12 asubuhi hadi saa 5, mkapumzika hadi saa 6, kisha mkamalizia hadi saa 8 na nusu mchana, umepata saa 7 na nusu. Zidisha kwa siku 6 za kazi, unapata 45 kamili. Kazi nzito zote ziishe kabla ya saa 5. Zile saa mbili na nusu za mwisho ni za kukata na kukunja nondo chini ya turubai, kupiga ripu vyumba vya ndani, kupanga vifaa vya kesho.

Najua pingamizi zake. Anayetoka Chanika au Mbagala atapataje usafiri alfajiri, hasa akiwa mwanamke? Hapo kampuni iweke gari la kuwapitia watu vituoni, au ianze saa 1 na kusogeza ratiba mbele kidogo. Mashine ya kuchanganyia zege isiwashwe mapema mno majirani wakiwa wamelala. Na mama lishe aambiwe mapema, maana akija saa 4 kama kawaida watu watakuwa wamebeba zege kwa saa nne bila chai. Haya yote yanapangika kwenye kikao kimoja cha Novemba. Jambo ambalo sikubaliani nalo kabisa ni kumkata kibarua ujira wake eti kazi ilisimama kwa sababu ya jua. Ukimkata atajificha hata akisikia kizunguzungu, na huyo ndiye anayeanguka kutoka kwenye jukwaa.

Wenzetu wa Ghuba, ambako Waafrika Mashariki wengi wanafanya kazi, wameliandika jambo hili kwenye sheria. Oman inakataza kazi za juani kuanzia saa 6 na nusu mchana hadi saa 9 na nusu, Juni hadi Agosti. Qatar tangu 2021 imekwenda mbali zaidi: saa zilizokatazwa ni nyingi, na tena kazi lazima isimame muda wowote kipimo kinachojumuisha joto, unyevu, jua na upepo kikizidi nyuzi 32.1. Sisemi hali ya vibarua huko ni nzuri, ndugu zetu wengi wamerudi na habari nyingine. Lakini kipimo cha namna ile ndicho kinachotufaa pwani, kwa sababu kinahesabu unyevu, na unyevu ndio adui wetu.

Kuna kundi moja la watu linalosahaulika, nao ni wanaorudi kutoka likizo. Kijana aliyekaa wiki tatu Njombe au Moshi kwenye ubaridi anashuka Dar mwanzoni mwa Januari, kesho yake asubuhi yuko saiti. Mwili wake umeshapoteza mazoea ya joto na unahitaji wiki moja hivi kuyarudisha. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri aliye mgeni kabisa kwenye joto aanze kwa asilimia 20 ya muda wa kawaida siku ya kwanza na kuongezewa 20 kila siku. Aliyewahi kuizoea kazi hiyo aanze na asilimia 50. Sisi tunafanya kinyume: aliyetoka likizo tunamwona kapumzika, tunamtwisha ya wote. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka au kuyumba, asiambiwe akalale kidogo. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe, na safari ya hospitali ianze hapo hapo.

Na hizo likizo zenyewe zipangwe mapema. Sheria inampa mfanyakazi siku 28 kwa mwaka, na mwajiri ana haki ya kupanga ni lini. Haki hiyo wengi hawaitumii hadi Desemba inapofika, watu kumi wanataka kwenda kwao Krismasi wiki moja, na bosi anachagua anaowapenda. Orodha ikifunguliwa Septemba, aliyekwenda mwaka jana akampisha mwenzake, na Waislamu wakawekewa siku zao za Idi, malalamiko yanapungua sana. Hoteli za Zanzibar na Diani haziwezi kuruhusu watu Desemba wageni wakiwa wamejaa, lakini zinaweza kuwaahidi Aprili na Mei, wakati wa masika, na kuitimiza ahadi hiyo. Miaka hii Ramadhani nayo imeangukia Februari na Machi, kwa hiyo anayefunga apewe zamu ya alfajiri akitaka. Aulizwe lakini, asipangiwe kwa kukisia.

Januari ina mambo yake. Mshahara wa Desemba ukilipwa tarehe 20 ili watu washerehekee, hadi mwisho wa Januari ni siku 42, na katikati kuna sare, madaftari, nauli na ada. Wiki ya pili utaona foleni ya wanaoomba advansi, na anayekosa nauli hatasema amekosa nauli, atasema anaumwa. Afadhali nusu itolewe kabla ya Krismasi na nusu tarehe 31. Halafu kuna akina mama ambao dada wa kazi amekwenda kwao sikukuu na hajarudi, shule hazijafunguliwa, mtoto hana wa kubaki naye. Kumpa barua ya onyo mama huyo ni kumwonea. Mpe wiki mbili za kuingia mapema na kutoka mapema, au afanyie nyumbani kinachowezekana.

Ofisini matatizo ni madogo zaidi: mmoja kakaa chini ya kiyoyozi na sweta, mwingine dirishani anajipepea kwa faili. Wabadilishane viti, na tai ziondolewe hadi mvua zinyeshe.

Gharama ya haya yote iandikwe mahali panapohusika. Mkandarasi akijaza zabuni ya kazi itakayopita Desemba hadi Machi, aweke mstari wa turubai, maji, usafiri wa alfajiri na siku ambazo kazi itakwenda polepole. Mwenye jengo aukubali mstari huo kama anavyoukubali ule wa maji ya kumwagilia zege, na OSHA, wakala wa serikali yetu wa usalama na afya kazini, wakija kukagua wauulizie.