Pulsa Chache za Ajabu na Uzito wa Ushahidi Wake

Pulsa ni nyota ya nyutroni, yaani mabaki madogo yaliyoshindiliwa mno ya nyota kubwa iliyolipuka, inayojizungusha kwa kasi huku mwale wake wa redio ukitufikia kwa mapigo yenye mpangilio kama wa saa. Zinazojulikana ni zaidi ya 3,000, lakini madai mazito kuhusu mvutano na maada yameegemezwa kwenye chache tu zisizo za kawaida. Je, chache hizo zatosha?

Wanaokubali wana hoja yenye nguvu. Pulsa waliyoigundua Russell Hulse na Joseph Taylor mwaka 1974, inayozungukana na nyota nyingine ya nyutroni kila baada ya saa 7.75, ilionyesha kwamba mzingo wa nyota hizo mbili unasinyaa kwa kadiri ileile iliyotabiriwa na nadharia ya Einstein kwa mfumo unaopoteza nishati kupitia mawimbi ya mvutano (mitikisiko ya anga-wakati), zaidi ya miongo mitatu kabla mawimbi yenyewe hayajanaswa mwaka 2015.

Wenye shaka nao hawabahatishi. Ili kupata kiasi halisi cha kusinyaa huko, ni lazima kwanza kuondoa athari ya mwendo wa mfumo huo ndani ya Njia Nyeupe, galaksi yetu, jambo linalohitaji kujua umbali wake barabara. Hivyo kinachozuia usahihi zaidi ni ramani yetu ya galaksi, wala si saa yenyewe. Tena jaribio halirudiwi kwa matakwa yetu: katika mfumo wa J0737-3039, wenye pulsa mbili, mwale wa mojawapo uliacha kuelekea Dunia mwaka 2008.

Kwa maoni yangu, jibu linategemea swali linaloulizwa. Kukanusha nadharia, kielelezo kimoja chatosha: pulsa J0740+6620, yenye masi ya takriban mara 2.08 ya Jua, inaziangusha nadharia zote zinazosema kiini cha nyota hizi ni laini mno kuhimili uzito huo. Kuthibitisha kilichomo kiinini ni kazi nyingine, na hapo kuwa na kielelezo kimoja tu ni udhaifu. Mwenzi anayezungukana na pulsa J0514-4002E, aliyetangazwa mwaka 2024 kutokana na vipimo vya darubini ya redio ya MeerKAT ya Afrika Kusini, ana masi kati ya mara 2.09 na 2.71 ya Jua. Anaweza kuwa nyota nzito ya nyutroni au shimo jeusi jepesi, na mfumo huo peke yake haujaweza kuamua.