Usimwambie mwali aache mashoga zake

Jumamosi nilikuwa kwenye kichen pati hapa Shangani, Mtwara. Shughuli ilipendeza, sare zambarau, mwali kakaa kwenye mkeka mpya kajitanda kanga, mama yake anafuta machozi kila dakika. Kungwi alishika kipaza sauti akafunda karibu nusu saa, na kwa kweli alifunda vizuri: usafi, akiba, namna ya kuongea na mama mkwe siku ambayo wote wawili mmeamka vibaya. Nilikuwa naitikia kama wenzangu. Kisha akamwinamia mwali akamwambia, "Kuanzia leo huna rafiki. Rafiki yako ni mumeo. Mashoga ndio wavunja nyumba."

Vigelegele vikapigwa. Mimi sikuweza. Pembeni yangu alikaa shoga yangu wa Mikindani, amekonda mpaka blauzi yake ya sare fundi aliipunguza mara mbili, na yeye pia alikuwa kanyamaza. Alinishika mkono chini ya meza.

Maneno haya nimeyasikia tangu nikiwa msichana. Kila mara nilinyamaza, kwa sababu ukumbini si mahali pa kumjibu kungwi mbele ya watu. Leo nayajibu hapa.

Sisi tuko wanne. Tulichezwa unyago pamoja mwaka 1988, likizo ya Desemba, kijijini kwetu njia ya kwenda Nanyamba. Ya ndani yabaki ndani. Lakini wanawake wa huku mnajua kwamba msichana anaingia mle na woga wake peke yake, na akitoka anawajua wenzake kwa namna ambayo hata dada wa tumbo moja pengine hamjui. Siku ya kutolewa walitufunga kanga mpya, na kwa kuwa hali ilikuwa ngumu, doti moja ilifunga watoto wawili. Mimi na huyu wa Mikindani tuligawana. Kipande changu kiliishia kubebea watoto. Cha kwake anacho bado, kakikunja kwenye sanduku.

Nyakanga aliyetucheza, Mungu amrehemu, alituhusia tusiachane mpaka tuzikane. Huyo ndiye aliyekuwa mwenye ngoma, na ndiye aliyejua ndoa za huku zinavyokwenda. Sasa haya mafunzo ya kumtenga mwali na wenzake yametoka wapi? Kwa bibi zetu hayakutoka. Bibi zetu walitufunga kwa vipande vya kanga moja.

(Nasema shoga kama mama zangu walivyosema pwani yote hii. Najua neno limebebeshwa maana nyingine siku hizi na mabinti wanaona haya kulitamka. Mimi silitupi.)

Mwaka 2001 nilifiwa na mwanangu wa pili, ana miaka mitatu. Mmoja wetu alishaolewa Dar es Salaam, Mbagala. Mnaokumbuka barabara ya kusini kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003 mnajua ninachokisema: pantoni ya Ndundu, mvua, magari yamezama kwenye tope, watu wanalala njiani na watoto. Alipata habari kwa simu ya duka la jirani akaondoka kesho yake. Alifika siku ya tano, miguu imevimba, kanga imekauka tope mpaka magotini. Mazishi yalishapita, matanga yameanuliwa, ndugu wameondoka kwa sababu kila mtu ana shamba lake. Hakuniambia pole. Aliingia jikoni, akakuna nazi, akapika uji, akaninywesha kwa kijiko kama mgonjwa. Arobaini ilimkuta bado yuko kwangu. Mume wake alinung'unika, naye akamjibu kwa barua fupi kwamba mimi nisingekula kama yeye asingekuwepo. Ilikuwa kweli.

Mume wangu wakati ule alikuwepo pia, na simlaumu kwa msiba ule, kwani alikuwa na wake. Lakini mtu mmoja hawezi kuwa kila kitu. Hicho ndicho kinachoniudhi kwenye hotuba ile: unamchukua msichana wa miaka 23, unamkabidhi mwanamume mmoja, kisha unamvua watu wengine wote. Akifiwa amwegemee huyo huyo aliyefiwa naye. Akiumwa ugonjwa wa kike amweleze huyo huyo anayeona aibu kusikia. Na akiudhiwa na huyo huyo, amwambie nani?

Kwangu mimi siku hiyo ilikuja mwaka 2016, baada ya msimu wa korosho. Watu wa Mtwara na Lindi hamhitaji maelezo. Fedha za mnada ziliingia, na wiki tatu baadaye mume wangu wa miaka 19 alinipa talaka kwenye karatasi ya daftari, akaniambia nikusanye nguo zangu. Nilikusanya. Ndivyo nilivyofundwa, kwamba mwanamke mwenye heshima akiachwa anaondoka kimya. Nilikuwa na begi mkononi wakati shoga yetu wa Newala, aliye mwalimu, alipofika kwa bodaboda kutoka stendi. Akaniuliza: mikorosho ya kule shambani nani alipalilia? Nani alipiga dawa ya ubwiri unga mwaka ambao mumeo alikuwa kalazwa? Nani aliokota? Akaniambia habari ya kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe aliondoka bila fungu, lakini mlango aliouacha wazi wanawake wengi wamepitia. Nikaweka begi chini. Tulikwenda baraza la usuluhishi kwanza, kama Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyotaka, kisha mahakamani. Kila tarehe ya kesi alikuwepo mmoja wao kwenye benchi nyuma yangu. Nilipata mikorosho 40 na vyumba viwili ninavyoishi leo.

Sasa mwite huyo mwalimu mvunja nyumba. Nyumba ilikwishavunjwa alipofika, na yeye ndiye aliyehakikisha sikulala nje.

Nakubali, mashoga wabaya wapo. Hata ndani ya wanne wetu, mwaka 2009 siri yangu ilitoka, na najua ilitoka kwa nani. Hatukusemeshana miaka sita. Lakini alipofariki mama yangu alikuja msibani bila kualikwa, akapita moja kwa moja uani, akashika masufuria ya jana yaliyogandia wali akaanza kusugua. Alisugua mpaka usiku. Nikamkuta kule nyuma nikachukua jivu nikasugua naye. Mpaka leo hatujaizungumza siri ile, wala hatutaizungumza.

Bwana harusi, kwa taarifa yenu, hakuambiwa aache wenzake wa bao. Nani angethubutu?

Niseme sasa kuhusu miaka hii tuliyofika, kwa sababu kwenye mafunzo yote niliyowahi kuhudhuria sijasikia hata neno moja juu yake. Mwali anafundwa kana kwamba atabaki na miaka 23. Hakuna anayemwambia kwamba iko siku damu itaanza kuruka miezi, usiku atalowa jasho wakati feni inazunguka, atasahau jina la mtoto wake akiwa anamwangalia, atalia kwa sababu ya nyanya zilizooza. Mimi nilidhani nimerogwa. Nilikuwa tayari nimeshaulizia mganga. Tulikuwa tunabangua korosho barazani kwangu, wanne wote kwa bahati, nikalisema kwa sauti ndogo, na wote watatu wakacheka kicheko cha afueni: kumbe kila mmoja alikuwa analala na kitambaa cha kufutia jasho chini ya mto, na kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Ni kwenye baraza hiyo hiyo, mwishoni mwa 2023, huyu wa Mikindani alisema kwamba hedhi yake ilikuwa imekoma miaka miwili, na sasa anaona damu tena. Alilisema huku anaendelea kubangua, macho kwenye korosho. Mumewe alikuwa hajamwambia yeye. Mabinti zake hakuwaambia. Kesho yake tulikwenda naye hospitali, wawili, mmoja kila upande kama polisi. Wale ambao hamjui, naandika kwa herufi za kawaida lakini someni kwa sauti: mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu tena asisubiri, akapimwe. Na kabla ya kufika huko, kipimo cha mlango wa kizazi kipo, wanapaka siki na kutazama rangi inavyobadilika, ni dakika chache. Hii ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi kuliko nyingine zote hapa Tanzania. Nenda na shoga yako, mpimwe wote.

Majibu yalirudi na yalikuwa ni hiyo. Akapelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani, Dar es Salaam. Mionzi siku tano kwa wiki, wiki tano. Mume wake alikuwa na shamba, mabinti wana watoto wadogo. Wa Mbagala alitoa chumba. Mimi zamu yangu ya kupokea mchezo ilikuwa mwezi ule, nikamwambia kijumbe fedha ziende kwa mgonjwa. Nilikaa naye wiki mbili za kwanza, na mwalimu akaomba ruhusa kazini aje anipokee. Ikawa ndiyo wiki ya Kimbunga Hidaya, Mei 2024. Barabara ikakatika upande wa Somanga, magari yakapanga foleni, watu wakalala njiani. Mwalimu alikuwa kwenye moja ya mabasi yale. Alikuwa anatupigia simu mpaka chaji ikamwishia. Alipofika Mbagala, jambo la kwanza alilouliza ni kama mgonjwa amekula.

Kwa hiyo, mama kungwi, siku ile sikukupigia vigelegele, na sababu ndiyo hiyo. Wewe ni mkubwa wangu na kazi yako naiheshimu. Nakuomba tu ukipewa tena mwali, mwite mbele na wale wenzake watatu wanne waliomsuka na kumpaka hina, uwafunde pamoja. Wafunde kutunza siri. Wafunde kukopeshana bila kutangaziana. Wafunde kuambizana ukweli kabla mtu hajafungasha begi. Hilo la siri lisisitize sana, mimi najua linavyouma.

Mwali wa Jumamosi nilimtafuta baadaye, amevua mapambo anakula pilau na wenzake nyuma ya ukumbi, wanacheka. Nilitaka kumwambia yote haya, nikaona si wakati wake. Nilimpa zawadi yangu. Ni doti ya kanga. Nilimwambia aikate, kipande kimoja ampe yule aliyekuwa amemshikia sahani. Akanitazama kama hakuelewa, kisha akaniamkia na kunishukuru.

Jumatatu tuna basi la Dar es Salaam la saa 12 asubuhi, stendi ya Mkanaledi. Ni kliniki ya marudio ya huyu wa Mikindani. Wa Newala anashuka Jumapili kulala kwangu, na wa Mbagala ameshaniagiza ming'oko, ile mizizi ya kwetu ya kuchemsha, na kilo mbili za korosho. Naichemsha ming'oko usiku, asubuhi iwe bado na uvuguvugu. Mgonjwa anapenda kuila njiani, tukishapita Mingoyo.