Mwalimu wa Kiingereza, mkataba wa Uarabuni uanze kuusoma kwenye mshahara wa msingi

Tangazo la kazi ya ualimu Dubai huja na namba moja tu: dirham 7,000 kwa mwezi, viza juu ya mwajiri. Mtu akizigeuza shilingi anaona milango imefunguka, anaanza kuaga majirani. Namba hiyo peke yake haikuambii utarudi na nini. Namba ya kuitafuta ni ile iliyoandikwa mbele ya maneno mshahara wa msingi, na mara nyingi tangazo haliitaji kabisa.

Katika Falme za Kiarabu, Dubai ikiwamo, kiinua mgongo hakipigwi kwenye jumla ya pesa unayopokea. Kinapigwa kwenye mshahara wa msingi: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo. Usipotimiza mwaka mmoja hupati kitu. Sasa chukua walimu wawili, kila mmoja anapokea 7,000. Wa kwanza msingi wake ni 5,000 na posho 2,000. Wa pili msingi wake ni 2,500, na zile 4,500 zimegawanywa posho ya nyumba, posho ya usafiri na "nyinginezo". Baada ya miaka minne wa kwanza anaondoka na dirham 14,000, wa pili 7,000. Wamefundisha vipindi vilevile na kusahihisha madaftari yaleyale, ila mkataba wa mmoja uligawanywa vibaya na hakuna aliyemwambia. Hata siku za likizo ambazo hukuzitumia, ukiondoka unalipwa kwa kiwango cha msingi. Msingi ukiwa chini ya nusu ya jumla, waandikie waupange upya kabla ya kusaini. Wapo waajiri wanaokubali, kwa sababu jumla ya mwezi haibadiliki.

Saudia hesabu ni nyingine: nusu mshahara wa mwezi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, kisha mwezi mzima kwa kila mwaka unaofuata. Ila ukijiuzulu kabla ya miaka miwili hupati hata riali, na ukijiuzulu kati ya mwaka wa pili na wa tano unapata theluthi tu. Mwalimu wa riali 6,000 aliyekaa miaka minne haki yake kamili ni 12,000. Akiandika barua ya kujiuzulu anabaki na 4,000. Tarehe ya barua hiyo si jambo la hasira za Alhamisi jioni.

Na usilinganishe namba za nchi mbili kwa macho. Riali 500 za Oman zinaonekana ndogo kando ya dirham 4,500, kumbe ndizo kubwa. Sarafu hizi zimefungwa kwenye dola: riali moja ya Oman ni kama dola 2.60, dola moja ni dirham 3.67 au riali 3.75 za Saudia. Kwa hiyo 500 za Oman ni dola 1,300, na dirham 4,500 ni kama dola 1,225.

Swali la pili la kuuliza ni miezi. Kwa shule nyingi mwaka wa masomo huanza mwishoni mwa Agosti au Septemba na kwisha Juni au Julai. Zipo shule, hasa za chekechea, zinazolipa miezi 10 na kukuacha Julai na Agosti bila mshahara, katika joto la nyuzi 45, na kodi ya chumba inaendelea. Dirham 6,000 kwa miezi 12 ni 72,000. Dirham 7,000 kwa miezi 10 ni 70,000. Tangazo la pili ndilo linalovutia, na ndilo dogo.

Kuhusu viza ya matembezi nitasema wazi: usiende nayo kutafuta kazi ya kufundisha. Najua wapo waliofanikiwa, na hao ndio wanaosimuliwa. Wengi zaidi humaliza siku zao wakigawa karatasi za wasifu Deira na Sharjah, kisha wanaangukia "siku za majaribio" katika chekechea inayowatumia wiki mbili bila malipo na kusema itawapigia simu. Kumfanyisha kazi mtu asiye na kibali ni kosa, na katika Falme za Kiarabu, tangu mabadiliko ya sheria ya 2024, faini ya mwajiri huanzia dirham 100,000 na kufika milioni moja. Lakini wakaguzi wakija, wewe nawe huna cha kuwaonyesha. Siku za viza zikiisha, kila siku ya ziada ni dirham 50. Mwezi mmoja wa kuchelewa ni 1,500, pesa ambayo asiye na kazi hana.

Njia ya sawa ni mwajiri kukutolea barua ya ajira kupitia wizara ya kazi ya huko, uisaini ukiwa bado nyumbani, ndipo kibali cha kuingia kitoke. Mkataba utakaosaini ukifika haupaswi kuwa na masharti duni kuliko barua ile, kwa hiyo itunze, na nakala uiachie ndugu. Maandishi ya Kiarabu na ya Kiingereza yakipingana, mahakama inafuata ya Kiarabu. Ukikuta maandishi ya Kiarabu ni marefu kuliko ya Kiingereza, tafuta mtu anayesoma vizuri akusomee mstari kwa mstari, usiridhike na muhtasari.

Gharama za kukuajiri ni za mwajiri kisheria. Wakala anayekuomba laki kadhaa za "viza ya kazi" anakuuzia kitu ambacho si chako kulipia. Kenya, angalia kama wakala ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Uganda, kazi za nje zinasimamiwa na wizara inayohusika na jinsia na kazi. Tanzania, pitia TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Na kwa mwalimu wa Kenya aliye kwenye malipo ya TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali: malizana nao kwa maandishi kwanza. Ukiondoka kimyakimya unahesabiwa mtoro, na siku ukirudi kutaka darasa, faili lako litakuwa linakusubiri.

Vyeti ndivyo vinavyochelewesha watu kuliko kitu kingine chochote, na chanzo chake ni mapenzi yetu ya kuvitunza. Shahada inatoka chuoni, siku ya pili inapelekwa kutiwa plastiki ya moto ili isiingie maji. Mihuri ya kuthibitisha cheti hupigwa kwenye karatasi yenyewe, kwa kawaida nyuma: wizara ya mambo ya nje ya nyumbani, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda, kisha wizara ya mambo ya nje ya huko. Wino haushiki kwenye plastiki. Ukijaribu kuibandua, plastiki inaondoka na ngozi ya karatasi, na sahihi ya makamu mkuu wa chuo inaondoka nayo. Hapo unarudi chuoni kuomba cheti kingine na kusubiri. Ukitaka kukitunza, kitie kwenye mfuko wa plastiki ulio wazi juu.

Kosa la pili ni majina. Cheti kinasema Mwanaisha Ali, pasipoti inasema Mwanaisha Ali Juma, cheti cha kuzaliwa kina h ya ziada. Kwetu ni mtu yuleyule, kwa karani wa huko ni watu watatu. Sawazisha kwa hati ya kiapo au ya kubadili jina kabla ya mhuri wa kwanza, maana ukibadilisha baadaye mihuri yote inaanza upya. Omba pia chuo barua inayothibitisha kwamba shahada ni yako na ulisoma kwa kuhudhuria darasani. Swali hilo huulizwa, na kulijibu ukiwa Abu Dhabi ni kazi ngumu. Mwisho, kapime afya nyumbani kabla ya kuuza kiwanja. Kifua kikuu na VVU hupimwa kwa viza ya ukaazi, na mwenye VVU hapewi ukaazi. Naliona jambo hilo ni la kikatili, lakini ni bora kulijua Temeke au Eastleigh kuliko kulijua katika kituo cha afya ugenini, tayari una deni la nauli.

Sasa lile linaloumiza. Matangazo mengi yanataka "mzawa wa lugha", na maana yake imeandikwa bila kificho: pasipoti ya Uingereza, Ireland, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand au Afrika Kusini. Mwalimu wa Machakos mwenye shahada ya elimu na miaka kumi ya kufundisha anawekwa chini ya kijana aliyemaliza shahada ya biashara juzi, kwa sababu ya rangi ya jalada la pasipoti. Huo ni ubaguzi, na sioni sababu ya kuutafutia jina laini.

Kwa walimu wetu nafasi hupatikana zaidi katika shule binafsi za mitaala miwili, shule za mtaala wa Kihindi, na chekechea. Mkononi uwe na IELTS ya kitaaluma, mtihani wa kupima Kiingereza ambao majibu yake yanakubalika kwa miaka miwili, na ukiweza CELTA, cheti cha kufundisha Kiingereza: saa 120, zikiwamo sita za kufundisha wanafunzi halisi huku ukitazamwa. Cheti cha mtandaoni kisicho na saa hizo sita waajiri wazuri wanakitambua mara moja. Uwe mwangalifu na nafasi ya mwalimu msaidizi. Ukiandikwa msaidizi kwenye kibali, barua yako ya uzoefu baada ya miaka mitatu itasema msaidizi, hata kama ulikuwa unashika darasa zima peke yako.

Na darasani ndipo hoja ya "mzawa" inapoanguka. Kiarabu hakina sauti ya p, kwa hiyo "park" inatoka "bark" na "pen" inatoka "Ben". Kata ukanda wa karatasi laini, upana wa vidole viwili, uushike mbele ya midomo. Ukisema "pen" karatasi inaruka. Ukisema "Ben" inatulia. Mpe mtoto aushike mwenyewe na usimsahihishe kwa mdomo, karatasi itamsahihisha. Mtu wa Mombasa au Lamu anaijua pumzi hiyo tangu utotoni, maana ndiyo inayomtenganishia paa wa porini na paa la nyumba.

Au mtoto anaandika "She teacher". Kiarabu hakihitaji kitenzi hapo, na sisi pia husema "yeye mwalimu" tukaeleweka. Anaandika "the man who I saw him". Sisi tunasema "mtu niliyemwona", na ile -m- ndiyo "him" yake. Aliyezaliwa na Kiingereza anaona kosa tu. Wewe unaona lilikotoka, kwa sababu ulipita njia hiyohiyo darasa la tano. Kwenye usaili wa kazi liseme hilo kwa mfano, usiombe radhi kwa lafudhi yako.

Oman ina jambo lake. Baada ya 1970 familia nyingi zenye asili ya Zanzibar zilirudi zikiwa na Kiswahili na Kiingereza cha shule, na Muscat hadi leo utasalimiwa "shikamoo" dukani. Shule za serikali hufundisha Kiingereza kuanzia darasa la kwanza tangu mageuzi ya 1998. Bado darasani zungumza Kiingereza. Kiswahili kibaki cha kahawa na wazazi.

Masomo ya ziada majumbani yanalipa vizuri, ila Falme za Kiarabu zinataka kibali cha mwalimu binafsi. Kilianzishwa Desemba 2023, hakilipiwi, kinadumu miaka miwili. Kiombe kabla ya kumfundisha mtoto wa kwanza.

Siku ya kuondoka utapewa karatasi inayosema umepokea haki zako zote. Usiitie sahihi kabla pesa haijaonekana benki; katika Falme za Kiarabu mwajiri ana siku 14 tangu mkataba kwisha kulipa kila kitu. Kabla ya ndege chukua barua ya uzoefu ikaidhinishwe, na cheti cha polisi wa huko cha kuonyesha huna makosa, kwa sababu shule ya nchi itakayofuata itakidai, na kukifuatilia kwa alama za vidole ukiwa Tanga ni safari nyingine.